Hermenegilda Hakai Hapa

Katika mtaa wa La Javilla, ukitaka kumpata mtu usimtafute kwa jina lake. Jina la mtu ni kitu cha kitambulisho. Linakaa ndani ya kopo la biskuti pamoja na cheti cha ubatizo na picha za marehemu, na hutolewa siku ya kupiga kura tu, tena upesi upesi, kama mtu anayemwonyesha daktari jipu. Siku nyingine zote watu hutumia majina waliyopewa na mtaa.

Mzee Guandul aliitwa hivyo kwa sababu utotoni alikuwa hali kitu ila mbaazi. Alipokufa, gari la matangazo lilipita mara tatu na kipaza sauti likimlilia Wenceslao Jiménez Abreu. Watu wakasema maskini, sijui ni wa wapi huyo, wakaendelea kucheza dhumna. Mjane akakaa na jeneza lake na sufuria mbili za supu, hakuna aliyekuja. Mwisho akatoka mwenyewe barabarani, mikono kiunoni: "Guandul amekufa, wapumbavu nyie!" Ndipo mtaa mzima ukaja ukilia, na supu haikutosha.

Basi Pirula naye alikuwa na jina lake la kwenye kopo. Siku aliyozaliwa mama yake alifungua kalenda ya watakatifu, akaweka kidole, akamwandikisha Hermenegilda Frías Cabral. Baba yake alipolisikia akasema hilo si jina la mtoto, ni jina la meli, akamwita Pirula. Akabaki Pirula hadi alipofika miaka sabini na mmoja, mfupi, mkavu, na pengo upande wa kushoto wa mdomo. Mwanawe Quico alikuwa analijua lile jina la meli, lakini Quico yuko Nueva York. Pale mtaani alibaki mtu mmoja tu anayelijua, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akimkosesha Pirula usingizi.

Alikuwa Beba. Beba ni comadre wake, mama wa ubatizo wa mwanawe, maana yeye ndiye aliyempakata Quico siku ya ubatizo, miaka arobaini na sita iliyopita. Tangu siku ile wamekuwa wakinywa kahawa pamoja kila saa tisa alasiri, barazani kwa Beba, isipokuwa mmoja akiwa mgonjwa au wakiwa wamenuniana. Kununiana kwao hakujawahi kuzidi siku mbili. Siku ya tatu Pirula hupita mbele ya nyumba akikohoa, na Beba hutoa kikombe cha pili bila kusema neno.

Sasa sikieni kilichokuwepo. Juu ya kilima cha La Javilla kuna nyumba kubwa nyeupe. Ilikuwa ya Don Evelio Marchena, tajiri aliyealika mawaziri, majenerali na wazungu wenye ndege zao. Beba ndiye aliyemlea huyo Evelio tangu ana meno mawili. Pirula alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya vyumba vya wageni. Wasichana wa shule walikuwa wakipandishwa kule juu kwa magari, wakiahidiwa kulipiwa masomo, na mtaa ulikuwa ukitazama pembeni, maana nyumba ile ndiyo iliyolisha nusu ya mtaa.

Pirula alitazama pembeni mpaka siku alipokuta soksi nyeupe ya shule ndani ya mashuka. Ndogo, ya mtoto. Wiki iliyofuata akakuta nyingine. Ya tatu akaitia ndani ya sidiria, akaaga kuwa anakwenda mjini kung'oa jino, akaenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka. Akasema yote. Na kwa kuwa alikuwa ameaga anakwenda kung'oa jino, na yeye hapendi kukamatwa na uongo mdogo, alipotoka pale akapita kwa daktari akang'olewa jino zima kabisa, lisilo na kasoro.

Don Evelio alikamatwa mwezi huo huo. Alifungwa, na miaka kumi na tatu baadaye akafia gerezani kwa moyo. Lakini majina ya wageni wake yalifungiwa kabatini, pamoja na majina ya waliosema.

Siku alipokamatwa, Beba alilia siku tatu. Ya nne akasimama barazani, mwanamke mnene mrefu kama mlango wa kanisa, akatangaza mbele ya majirani: "Huyo aliyekwenda kumsema mwanangu, siku nikimjua, baraza hili halikanyagi tena. Na kahawa yangu hainywi mpaka tunaingia kaburini!"

Pirula alikuwa palepale, kikombe mkononi. Alikunywa kahawa ile ikamshuka kama misumari. Akaendelea kuinywa miaka kumi na mitano.

Kwa hiyo redio iliposema kuwa mahakama imeamuru majalada yote ya Don Evelio yafunguliwe, kurasa elfu tisa, kila raia ayasome, nchi nzima ilishangilia. Pirula alikwenda chooni akakaa.

Serikali, kwa ujanja wake, ilichagua kuyatoa Jumatano ya Juma Kuu, ikitumaini watu wote watakuwa wamekwenda kuogelea. Haikujua kwamba Jumatano ya Juma Kuu wanawake wa La Javilla hawako baharini. Wako saluni kwa Yudelka, na mwanamke mwenye rola kichwani hana pa kwenda.

Walikuwa tisa humo ndani. Nyuma ya pazia, juu ya jiko la gesi, sufuria kubwa ya maharagwe matamu ya Kwaresima ilikuwa ikichemka polepole, na harufu ya tui la nazi, karafuu na mdalasini ilikuwa ikipigana na harufu ya dawa za nywele. Beba alikuwa chini ya draya, ile ya zamani inayonguruma kama lori la mchanga. Pirula alikuwa kiti cha pili, rola ishirini na mbili kichwani. Yudelka alikuwa ameiegemeza simu yake kwenye chupa ya shampuu, anasuka mtu huku anasoma kwa sauti.

Wakaanza na wageni. Kila jina likitoka, saluni ililipuka.

"Eh! Huyu si ndiye alikuwa akitufundisha maadili kwenye televisheni?"

"Na huyu jenerali! Mama yangu ana picha yake ukutani!"

"Mpigie simu aishushe. Mwambie ageuze fremu aweke Moyo Mtakatifu."

"Yudelka, rudia la waziri. Polepole. Nataka lipite vizuri masikioni."

Majina ya wasichana hayakuwemo. Kila palipokuwa na jina la msichana palikuwa na mstari mweusi mnene, na kila Yudelka alipoufikia alinyamaza kidogo, na wengine wakanyamaza naye. Hapo mtu alisikia draya tu, na maharagwe yakitokota.

"Haya," akasema Yudelka. "Sasa mashahidi."

Pirula alihisi rola zote ishirini na mbili zikimvuta kichwa. Akatazama draya. Beba alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo, uso mwekundu kwa joto. Kitufe cha draya kilikuwa kwenye mbili. Pirula akanyanyuka kama anayekwenda kutazama maharagwe, akapita karibu, na kidole chake kikasukuma kitufe mpaka tatu. Draya ikanguruma kama ndege inayopaa.

"Shahidi namba nne," akasoma Yudelka. "Hermenegilda Frías Cabral, anayejulikana kwa jina la... weusi. Wamepaka weusi."

"Herme nani?"

"Hermenegilda."

Pirula alisimama na mwiko mkononi, pazia limemwangukia begani, akingoja dunia impasukie.

"Huyo si wa hapa," akasema mke wa Papote muuza duka. "Jina gani hilo? Kama la dawa ya minyoo."

"Atakuwa yule mpishi mwembamba wa kutoka Higüey. Alikuwa na uso wa Hermenegilda."

"Yule aliitwa Flaca."

"Ndiyo, lakini kwenye kitambulisho?"

Hakuna aliyejua. Hakuna hata mmoja. Hapo Pirula akaelewa kilichotokea. Amri ya mahakama ilikuwa imesema lifichwe jina ambalo shahidi anajulikana kwalo. Na karani wa huko mji mkuu, mtu wa nchi hii, aliyekulia bila shaka katika mtaa kama huu, ambako hata mama yake mzazi ana jina la utani, alikuwa amechukua amri akaifuata neno kwa neno. Alikuwa amempaka wino Pirula na kumwacha Hermenegilda wazi kama alivyozaliwa. Alikuwa mjinga wa kutupwa au mwerevu kuliko mahakama nzima, haijulikani mpaka leo. Pirula alimwombea maisha marefu vyovyote vile.

"Kasema nini huyo Hermenegilda?" akauliza mmoja.

"'Nilikuta soksi nyeupe ya shule,'" akasoma Yudelka, "'ndogo, ya mtoto. Mara ya tatu nikaichukua, nikaja nayo.' Kisha weusi, weusi, weusi. Mwisho: 'Nisameheni nimechelewa.'"

Mke wa Papote akafuta macho kwa taulo la saluni. "Mungu ambariki popote alipo."

"Ambariki," akasema Pirula. "Ingawa jina lake baya mno."

Wakacheka. Na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu redio ilipotangaza. Mtaa haukumjua. Alikuwa amebaki na mtu mmoja tu wa kumwogopa, naye alikuwa ndani ya draya.

"Mtaniua jamani!" Beba alijitoa chini ya kofia ile, masikio mekundu kama nyanya. "Nani kaiweka tatu? Nimeivishwa mimi, au hizo nywele?"

"Draya mbovu hiyo, comadre," akasema Pirula. "Pole."

"Mmefika wapi?"

"Kwa mashahidi, Doña Beba," akasema Yudelka. "Tunaanza namba tano."

Pirula akashukuru. Namba nne imepita. Lakini kurasa zile zipo, kesho zitakuwepo, na Beba ana miwani, ana simu aliyoletewa na mpwa wake, na anasoma kila kitu hadi maandishi ya kwenye mfuko wa mchele. Raha ya Pirula ikapata ufa palepale.

"Shahidi namba tano," akasoma Yudelka. "Eduvigis Polanco Liriano, anayejulikana kwa jina la... weusi tena. Mbona hawa makarani wana wino mwingi hivi?"

"Eduvigis! Hilo nalo jina?"

"Watoto wa zamani walikosewa sana."

Pirula hakucheka. Jina lile lilikuwa limemgonga mahali fulani, nyuma kabisa. Alilisikia wapi? Kisha akaona kanisa, na padri mzee mwenye mafua, na Quico mchanga akilia ndani ya nguo nyeupe. Padri akiuliza majina kamili ya kuandika kwenye daftari la ubatizo. Mama wa mtoto? Hermenegilda. Mama wa ubatizo?

Na wanawake wawili vijana wakibana vicheko mbele ya altare mpaka padri akatishia kuwatoa nje.

Akageuza kichwa polepole, kwa sababu ya rola. Beba alikuwa amesimama katikati ya saluni, taulo shingoni, na ule wekundu wote umemtoka usoni. Alikuwa hatazami simu. Alikuwa anamtazama Pirula. Jicho lile Pirula alilijua vizuri sana, maana alikuwa amelivaa yeye mwenyewe miaka kumi na mitano. Lilikuwa jicho la mtu anayesema: sasa amejua.

"'Asubuhi ile,'" Yudelka alikuwa akisoma, "'niliona mtoto wa watu anashuka ngazi, anashika ukuta kama anayejifunza kutembea.' Halafu weusi, nusu ukurasa. 'Ndiyo maana nimekuja. Sina zaidi.'"

"Huyu Eduvigis ni nani jamani?" akauliza mke wa Papote. "Doña Beba, wewe uliishi ile nyumba miaka mingi. Humjui?"

Beba akajifuta uso kwa taulo.

"Atamjuaje?" Pirula akadakia. "Nyumba ile iliingia na kutoka watumishi kama stendi ya mabasi. Mimi nilifua pale miaka minane, sikumbuki Eduvigis hata mmoja. Atakuwa wa Higüey naye. Higüey ndiko kwenye majina hayo."

"Kweli," wakasema wanawake. "Higüey."

"Yudelka mama, nitoe hizi rola au nifunge kitambaa niende nazo? Maharagwe yangu nimeyaacha yameloweka tangu jana."

"Nenda nazo, Doña Pirula. Zirudishe tu."

"Comadre, twende."

Wakatoka, wote wawili na vitambaa vimefura vichwani kama maboga. Walitembea mpaka wakapita duka la Papote, wakapita wacheza dhumna. Kwenye ukuta wa shule Beba akasimama.

"Sema basi," akasema. "Umelijua jina. Usijifanye hamnazo."

"Jina gani?"

"Pirula!"

"Mimi nimesikia mtu wa Higüey."

"Nilimfundisha kutembea Evelio yule," akasema Beba, na sauti yake ikawa ndogo, haikufanana na mwili ule. "Alikuwa anashika kidole changu hiki. Halafu nikamwona yule mtoto kwenye ngazi. Ningefanya nini? Nikaenda. Walipomkamata nikapiga kelele barazani kwangu ili mtu yeyote asinifikirie. Na wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote, maana nyumba ile ndiyo iliyokuwa ikikulisha. Nilijua ukijua ni mimi niliyelizima jiko lako, hutakuja tena saa tisa."

Pirula akamtazama. Kisha akajikuta ameegemea ukuta wa shule, anacheka mpaka rola mbili zikamtoka, zikabingirika mtaroni.

"Unacheka? Mwanamke huna haya! Mimi nakufungulia moyo, wewe unacheka?"

"Comadre," akasema Pirula, akipumua kwa shida, "shahidi namba nne hukumsikia. Ulikuwa ndani ya draya."

"Namba nne nani?"

"Nani alikuwa akifua mashuka?"

"Wewe ndiye—"

"Padri mwenye mafua aliniita nani?"

"Hermenegilda," akasema Beba taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha barabara. Kisha: "Na kitufe cha draya?"

"Mimi."

"Umeniunguza masikio!"

"Nilikuwa naokoa kahawa yangu."

Hapo Beba akaketi kwenye ngazi za shule, na kulia na kucheka vikamjia pamoja, na Pirula akaketi kando yake, akamfuta pua kwa ncha ya kitambaa chake mwenyewe.

"Lile jino?" akauliza Beba. "Nakumbuka uling'oa jino wiki ile ile."

"Zima kabisa. Lilikuwa linavunja njugu."

"Mjinga wewe! Mimi nilisema nakwenda kuweka nadhiri kwa Bikira huko Higüey."

"Ukaniletea mshumaa uliobarikiwa. Nimeuwasha kila Quico akiumwa!"

"Niliununua kwa Papote."

"Beba!"

"Ulifanya kazi au haukufanya?"

Pirula akafikiri. "Ulifanya."

Wakakaa pale. Jua lilikuwa kali, na hakuna aliyetaka kuinuka. Pirula alijaribu kuvuta pumzi mpaka mwisho, akaona inakwenda, inafika mpaka chini kabisa, mahali ambapo haikufika miaka mingi. Akairudia ili ahakikishe.

"Lakini niliapa," akasema Beba ghafla. "Mbele ya watu wote. Aliyesema hatakunywa kahawa yangu mpaka kaburini."

"Uliapa. Nilikuwepo."

"Na hesabu yake inaonyesha nimekuwa nikimnywesha kila siku. Na kikombe cha kwanza nimekuwa nikijimiminia mwenyewe."

"Mungu amekusikia akakupuuza. Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na nusu."

"Basi nyanyuka, usije ukanichelewesha."

Siku mbili baadaye ilikuwa Ijumaa Kuu, siku ambayo mabakuli ya maharagwe matamu hutembea mtaani kutoka mlango hadi mlango, na hakuna nyumba inayokula ya kwake. Yudelka aligawa ya sufuria yake mpaka yakabaki mabakuli mawili. Hayo akayafunika kwa sahani, akayaweka juu ya rafu ya saluni, kati ya shampuu na rola, na biskuti zake ndogo zenye msalaba pembeni. Akabandika karatasi mbili: Hermenegilda. Eduvigis. Akasema kama wanawake wale wapo mahali, wakipita La Javilla wasikute tumewasahau.

Mtaa mzima ulikuja kuyatazama. Mke wa Papote akaweka ua. Padri mgeni alipolisikia jambo hilo akawaombea kanisani kwa majina yao, akakosea kulitamka la kwanza, na mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akasikika akimnong'oneza mwenzake, "Hata padri linamshinda."

Jumamosi asubuhi Pirula alikwenda kurudisha rola. Beba akamsindikiza. Yudelka alikuwa na mteja, kichwa kimejaa povu.

"Hawajaja?" akauliza Pirula, akitazama rafu.

"Hawajaja, Doña Pirula. Naona watakuwa mbali."

"Higüey ni mbali," akasema Beba.

"Na maharagwe yana tui," akasema Pirula. "Joto hili, mpaka jioni yamechacha. Itakuwa aibu, kumwekea mtu heshima halafu inachacha."

Yudelka akasita, mikono kwenye povu. "Sasa nifanye nini?"

"Wewe endelea na kazi yako, mama. Sisi ni wazee, tutabeba hiyo dhambi."

Wakayashusha. Walikaa kwenye viti viwili vya kungojea, kila mmoja na bakuli lake, kila mmoja na kijiko chake. Beba alionja, akalamba mdomo, akageuza bakuli asome karatasi upya.

"Hili ni la Hermenegilda," akasema.

"Basi lete hapa," akasema Pirula. "Umechukua lenye zabibu nyingi."